Nani Alikata Wavu wa Serikali

Jumatatu, 3 Juni 1974
Walukuba, Jinja

Nimepata! Nimepata jamani, na hakuna wa kumwambia. Ramula, ninayekaa naye nyumba moja na kufanya naye kazi kituo kimoja, amekwenda Buwenge kumwona mama yake. Nimetoka nje nikamwambia jirani anayefua, "Mama Betty, nimepata!" Akauliza, "Sukari?" Nikasema la, si sukari. Akarudi kwenye beseni lake.

Basi nikuambie wewe, daftari, maana nikinyamaza nitapasuka.

Kazi yangu ni nyavu za kukokota. Boti ya kituo chetu cha samaki, Nyange, inaburuta wavu mkubwa wenye umbo la faneli chini kabisa ziwani, na samaki wanaoingia huishia kwenye mfuko ulio mkiani. Macho ya mfuko huo ni makubwa. Ukiupima mkavu sakafuni, ngege, yaani perege, mdogo wa kiganja anapita bila kujikwaruza. Lakini kila tukiinua wavu wadogo wamo, tele, wamekufa, na mimi najiuliza kila siku mbona hawapiti. Wako wanaosema samaki ni mjinga. Mjinga gani? Macho yamefumba! Wavu hufumwa macho yamesimama kwa pembe, kama uru wa karata, na ukivutwa kwa nguvu kila jicho linarefuka na kujifunga.

Nimeliona leo kwenye fulana ya Mzee Enos, nahodha wetu. Ni fulana ya matundu matundu, alikuwa anaivua, ikamnasa masikioni, akavuta, matundu yote yakapotea mbele yangu. Akaivuta kwa mshazari, yakafunguka yote. Nilipiga kelele. Alifikiri nimeona nyoka.

Mfuko ukikatwa na kushonwa upya kwa mshazari, macho yatakaa mraba. Uzi mmoja utabeba mvuto, mwingine utatulia, na jicho litabaki wazi hata tukivuta mpaka Kisumu. Nina hakika. Sili, silali, nina hakika!

Jumanne, 4 Juni

Mzee Enos amekataa.

"Nyar Uyoma," akasema. Jina langu ni Wilkista na analijua vizuri, lakini huniita hivyo, binti wa Uyoma, kwa kuwa yeye ni wa Seme na sisi Wajaluo tukikutana ugenini lazima tukumbushane tulikotoka. "Nyar Uyoma, wavu haukatwi. Wavu unashonwa."

Mkuu wa kituo yuko Nairobi kwenye mkutano, na mkutano wenyewe una mwanzo tu. Kwa hiyo wavu uko mikononi mwa Enos, umeandikwa kwa jina lake, na jibu la Enos kwa kila kitu ni hapana. Mwoga huyu mzee. Anaogopa mvua, anaogopa askari, anaogopa mkasi.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Hapana ya Enos. Chai ya chumvi, sukari hakuna.

Jumatatu, 10 Juni

Amekubali!

Tulimwaga mfuko sitahani asubuhi. Nusu ya rundo walikuwa ngege wadogo, mapezi bado mekundu, wamebanwa kama nguo kwenye sanduku. Mimi nilishachoka kusema. Enos aliinama, akaokota mmoja, akamgeuza geuza. "Huyu zamani tulikuwa tunamrudisha kwa mkono," akasema. "Tulikuwa na wakati." Akamtupa majini ingawa alikuwa amekufa, akajifuta mkono kwenye suruali.

Baadaye, bila kunitazama: "Kata. Lakini ukate vizuri."

Tumekata kutwa nzima, mimi na Ramula, mkasi mmoja na kisu kimoja. Kukata kwa mshazari ni kazi ya kujiua, ukikosea fundo moja umeharibu upande mzima. Vipande vimetapakaa bandani utadhani kuna mtu alipigana na wavu akashindwa. Vidole vyangu vimevimba. Nina furaha mpaka naona aibu.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nitaandika yote.

Tangu mwaka jana samaki tunaovua kwa utafiti huenda kambini kulisha askari. Masanduku manane kila tukitoka, ndiyo amri. Anayepokea ni Afande Meja, mkuu wa stoo za kambi, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye Kiswahili cha kambini. Sauti yake hiyo ya upole ndiyo inayoniogopesha. Huwa anatuma lori. Leo alikuja mwenyewe.

Alisimama mlangoni mwa banda. Akatazama vile vipande vya wavu sakafuni, akasukuma kimoja kwa ncha ya buti.

"Hii nyavu ya nani?"

"Ya serikali, Afande," akasema Ramula.

"Nani nakata nyavu ya serikali?"

Mvua ilikuwa imekatika. Ulimi wangu, huu huu unaonisumbua siku zote, ulilala chini ukakataa kuamka. Nyuma yake walisimama wawili na bunduki. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua, hakuna kilichotoka.

"Mimi, Afande," akasema Enos.

Alikuwa kule nyuma anasokota kamba. Hata hakuiweka chini.

"Wewe mzee. Kwa nini nakata?"

"Naishona vizuri zaidi, Afande. Ile ya zamani inakamata takataka."

Afande Meja akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Mzee, kuharibu mali ya serikali naitwa hujuma. Wewe najua hujuma naenda wapi?" Enos akasema anajua. Sote tunajua. "Sawa. Mimi nasubiri mwisho ya Julai. Kama nyavu yako najaza sanduku yangu nane ya samaki ya kula, mzuri. Kama hapana jaza, wewe nakuja na mimi."

Wakaondoka. Ramula alikaa chini pale pale akasema, "Banange," jamani kwa lugha yao, akarudia, akarudia. Mimi nilimwendea Enos nikaanza kulia na kumgombeza kwa pamoja. Kwa nini umesema ni wewe? Nani alikutuma?

"Funga mdomo, Nyar Uyoma," akasema, "nipe ile sindano." Tukashona mpaka giza.

Nilimwita mwoga. Kwenye daftari hili hili nilimwita mwoga.

Jumanne, 18 Juni

Leo tulijaribu mfuko mpya na haukufanya kitu.

Nieleze vizuri. Chini ya ziwa huoni samaki akitoka. Kwa hiyo mfuko tunauvisha mfuko mwingine wa nje, wa macho madogo sana, tunaouita mfuniko. Samaki akitoroka ndani ananaswa nje, na Ramula anapima wa ndani na wa nje, tunajua nani kapita. Ndivyo tulivyofundishwa wote, na ndivyo tulivyofanya.

Tukainua. Ndani, wadogo wamejaa vile vile. Nje, vinkejje vichache tu, vile visamaki vya kukaanga vizima vizima. Na la kutisha zaidi, wakubwa wamepungua! Ngege wa kula na semutundu, jamaa ya kambare, wote pamoja hawakujaza sanduku la tano.

Enos alikunja kamba akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 21 Juni

Tena. Masanduku manne.

Jumanne, 25 Juni

Nimegombana na Enos mbele ya mabaharia. Nilisema anavuta polepole makusudi, kwamba ndiyo maana macho hayafunguki. Akanipa usukani. "Vuta wewe." Nikasukuma mpini wa injini mpaka moshi mweusi ukatufunika, boti inalia, na Nyange haikwenda kasi hata kidogo. Ilikuwa kana kwamba tumefungwa kwenye gati.

"Nzito," akasema Enos. "Ule wa zamani haukuwa mzito hivi."

Nilikasirika sana, sikuyatia akilini hayo maneno.

Jumamosi, 29 Juni

Ramula anasema tumfiche Mzee kwao Buwenge. Enos ametucheka. Amesema yeye ni mrefu mno kufichwa Buwenge.

Jumatatu, 1 Julai

Lori la kambi limekuja. Askari amehesabu masanduku matatu, akatutazama, akachora mstari kwenye ubao wake. Sijui mstari ule maana yake nini. Nahisi najua.

Alhamisi, 4 Julai

Uzi wa nailoni umekwisha Jinja nzima. Kwenye duka lililokuwa la Jashbhai kabla Wahindi hawajafukuzwa, ambapo zamani ungechagua uzi kwa rangi, sasa wanauza viatu vya mguu mmoja mmoja. Nimesikia Mbale upo. Kesho nakwenda, nitalala kwa Namono, shoga yangu tuliyesoma naye Tororo.

Kusema kweli naukimbia uso wa Enos.

Jumamosi, 6 Julai
Mbale

Niandike haraka, mkono hauendi kasi ya kichwa!

Mbale yote inacheza. Mwaka huu ni mwaka wa imbalu, vijana watatahiriwa Agosti, na tayari wanapita barabarani makundi kwa makundi, kengele mapajani, unga usoni, wanaalika wajomba. Hata huku karibu na viwanda, anakokaa Namono, huwezi kusikia mashine kwa ajili ya kengele. Shemeji yake Namono ni mmoja wa watakaokatwa, kwa hiyo nyumba inapika kwete, pombe ya mahindi, kwa ngoma na wageni. Mapipa, vyungu, moshi, wanawake wanagombezana. Nilipewa kigoda nikae nisisumbue.

Walikuwa wanachuja. Kwete inamiminwa kwenye gunia tupu la sukari, gunia linaning'inizwa ndani ya chungu kikubwa, inatiririka. Nabifo, wifi yake Namono, ndiye aliyeshika. Haikutiririka. Aliminya, akatikisa, matone tu, na kule juu inafurika inamwagika miguuni.

"Nabifo!" Namono akafoka. "Unalibandika kwenye chungu, litatoaje? Liinue! Liachanishe na chungu, lipumue!"

Nabifo akaliinua kidogo, gunia likaachana na ukuta wa chungu, na kwete ikashuka shaa.

Niliruka. Kigoda kikaangukia kikapu cha mayai. Nikapiga kelele, "Mfuniko! Ni mfuniko! Umeubana!" Wanawake wote wakanitazama. Bibi mmoja akauliza kama nimeonja tayari.

Si mfuko wangu! Mfuko wangu ni mzima! Ni mfuniko ule wa nje, uliolowa, uliojibandika juu ya macho yangu mazuri ya mraba ukayaziba yote. Mdogo akitaka kutoka anakuta mlango umepigwa kiraka. Maji nayo hayapiti, yanarudi mbele, wakubwa wanayasikia na kugeuka wasiingie. Ndiyo maana nzito! Enos aliniambia nzito! Sisi wenyewe, kwa kile kitu cha kupimia, tumeua kile tunachopima.

Na tukiuvua mfuniko? Hapana, nataka kuona kwa macho wakitoka. Kwa hiyo uachanishwe. Upate pete za kuusimamisha mbali na mfuko, nyepesi, zisizozama. Nikatazama huku na huku na mbele yangu kulikuwa na lundo la mianzi ya mlimani, mume wa Namono anaipasua kutengenezea uzio wa wageni.

"Shemeji," nikamwambia, "nikunjie pete."

"Za nini?"

"Za kumtoa mtu jela kabla hajaingia."

Akanitazama sana. Mbale nako wana wao waliochukuliwa. Akachagua mwanzi mzuri, akaupasua, akaupitisha motoni, akaukunja. Nimelipa mayai.

Jumapili, 7 Julai
Jinja

Nimefika. Niko hai. Nacheka, lakini sikucheka wakati ule.

Basi lilisimamishwa kabla ya Iganga. Wote chini, mizigo chini. Askari kijana, macho mekundu, akafika kwenye pete zangu, kubwa, upana wa mtu kupita, zimefungwa pamoja kwa uzi.

"Hii kitu ya nini?"

Nikisema ya wavu wa serikali, tumekwisha. Nikanyamaza. Na Kiswahili changu cha Kisumu, nikifungua mdomo tu, atajua nimetoka Kenya, na mwaka huu kutoka Kenya si jambo la kujitangazia barabarani. Kondakta, Mungu ampe watoto mapacha, akasema, "Ya ngoma, Afande. Imbalu."

"Imbalu?" Uso ukafunguka. "Wewe mama nacheza imbalu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Cheza."

Mimi! Mjaluo, ambaye kwetu hakuna hata anayetahiriwa! Nilichukua pete moja nikaiinua juu, nikakanyaga matope kushoto, kulia, nikajaribu kukumbuka wale vijana wa jana. Abiria Wagisu, wenye ngoma yao, waliona aibu kwa niaba yangu. Halafu mama mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akaitikia, basi zima likaniimbia, na askari akajipiga paja kwa kicheko. Alituruhusu wote, hata bwana aliyekuwa na sabuni ya magendo. Nimefika nimelowa mpaka magotini, na pete zote zipo.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemweleza Enos. Nimechora, nimeonyesha kwa ndoo na kitambaa, nimeeleza tena. Mwishowe akasema, "Nilisema nzito." Nikasema ulisema, Mzee, na mimi nilikuwa kiziwi. Akaichukua pete moja, akaipitisha kichwani kama mkufu, akazunguka nayo banda. Sikuwahi kumwona akicheza.

Alhamisi, 11 Julai

Tunashona.

Jumatatu, 15 Julai

Wamepitaaa!

Mfuko uliibuka nyuma ya boti umesimama kama pipa, mfuniko uko mbali nao pande zote. Ndani, ngege wazima wa sahani nzima, na semutundu mwenye sharubu. Nje, kati ya mfuko na mfuniko, wadogo maelfu, wanarukaruka, wazima! Ramula alitupa mizani akanikumbatia, tukaanguka juu ya samaki. Tukawamwaga wadogo majini na hawakungoja kuambiwa.

Masanduku saba na nusu. Bado nusu. Enos anasema upepo ulikuwa mbaya na tulivuta mahali pa haraka haraka. Anajua pazuri zaidi, mbele kidogo ya kisiwa cha Buvuma.

Ijumaa, 19 Julai

Upepo wa kusini. Hatukutoka.

Jumatatu, 22 Julai

Upepo. Afande Meja ametuma neno: Jumatano anakuja kupanda botini yeye mwenyewe, aone. Ramula amekwenda kusali. Mimi nimekagua kila fundo mara mbili, kisha nikamwomba Enos akague, kisha nikamkasirikia alipokagua.

Jumatano, 24 Julai

Sasa nitulie niandike kama mtu mwenye akili.

Afande Meja alikuja na sare iliyopigwa pasi, buti zinang'aa, askari mmoja. Upepo haukuisha kabisa, ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi ya kuudhi. Tulipotoka kwenye mkondo tu, nikaona ameshika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Tulipofika mbele ya Buvuma, uso wake ulikuwa rangi ya ndizi mbichi. Hakuna aliyethubutu kuonyesha kwamba ameona.

Tukatupa wavu. Enos alivuta kwa utulivu, anasikiliza injini, kichwa kimeinama upande, na mimi nilikuwa nasema moyoni ingia, ingia, ingia. Tulipoinua, winchi ililia kwa uzito mzuri. Ramula akafungua mfuko wa ndani, ngege wakamwagika sitahani, wakubwa, wa bluu. Masanduku sita, la saba, la nane, na wa kuzidi miguuni mwetu! Nilitaka kupiga vigelegele. Nilimtazama Enos, naye alikuwa anatazama maji tu, lakini mikono yake kwenye usukani ilikuwa imelegea.

Ndipo Afande Meja akauona mfuniko.

Ulikuwa unaning'inia pembeni ya boti na pete zake za mianzi, umejaa wadogo wanaometameta. Akasogea, ameshika chuma.

"Na hii?"

"Hao ndio waliopita, Afande," nikasema. "Ule wa nje ni wa kutuonyesha tu kwamba..."

"Hii ya nje mzuri!" Sauti yake ya upole ilipanda kwa furaha. "Hii nashika yote! Mkubwa ndani, mdogo nje. Hapana kitu nakimbia. Kila siku tia hii. Sanduku nane ya mkubwa, sanduku nane ya mdogo. Boti yote ya ziwa, tia hii!"

Nikazitazama zile pete. Ni kweli! Pete zangu nzuri, za mlimani, nilizozichezea ngoma matopeni, zimeutengeneza huu mfuniko kuwa wavu mbaya kuliko wote uliowahi kuingia ziwa hili. Wadogo wote wangekwisha kwa mwaka mmoja, na mkono uliofanya hivyo ni wangu. Nilianza kusema, "Lakini Afande, kesho na keshokutwa..." na nikaona askari wake amegeuka kunitazama.

"Sawa kabisa, Afande," akasema Enos kwa sauti ya kutii. Nilitaka kumpiga. "Tunaitia tena sasa hivi. Ila hiyo ya nje inavuta maji mengi. Boti inakuwa polepole, na dizeli inakwenda."

"Polepole namna gani?"

"Tukivuta nayo mara moja zaidi kama ulivyoamuru, tutafika gati jioni, Afande. Na mawimbi yanaongezeka."

Afande Meja alitazama mawimbi. Akameza kitu.

"Na kama hapana tia?"

"Tunageuka sasa. Saa ya chai uko nchi kavu."

Wimbi moja, nitalishukuru maisha yangu yote, lilikuja pembeni likainua Nyange na kuiachia. Afande Meja aliinama juu ya chuma, akatapika juu ya buti zake zinazong'aa. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamejaa machozi. "Toa!" akasema. "Toa hii maneno ya nje! Sitaki kuona tena! Geuza boti!"

Ramula alikwisha fungua kamba. Wadogo walimwagika upande wa kivuli wa boti, wakatawanyika, na maji yakarudi meusi. Enos akageuza. Bila mfuniko, Nyange ilikimbia kweli.

Gatini Afande Meja alikaa kwenye gogo, akanywa chai, rangi ikamrudia. Mpishi wa kambi alikuja na lori, akafungua sanduku la kwanza, akaita, "Afande, leo iko samaki! Siku ingine yote ni mifupa tu." Afande akasimama, akahesabu nane kwa kidole. Akatabasamu.

"Mzee, maneno ya hujuma nakwisha. Nyavu mzuri. Wewe nakata mzuri sana. Jina yako mimi napeleka juu."

Enos alikuwa huru. Angesema asante tu, akaenda nyumbani. Badala yake akavua kofia.

"Si mimi niliyekata, Afande. Ni huyu binti. Siku ile nilisema uongo."

Ramula alishika kiwiko changu mpaka kikauma. Mpishi akaacha sanduku. Hakuna mtu humwambia Meja kwamba alimdanganya, hakuna, tena mbele ya askari wake na buti zake zinanuka.

"Wewe nadanganya mimi?"

"Ndiyo, Afande."

Akageuka kwangu polepole. "Mwanamke nakata hii?"

Na safari hii ulimi uliamka. "Mimi, Afande. Mimi ndiye niliyekata."

Alinitazama. Akatazama masanduku. Akatazama ziwa kwa chuki, kisha akaanza kutembea kuelekea lori, anachechemea ndani ya buti zilizolowa. Mlangoni akasema bila kugeuka:

"Kata ingine."

Alhamisi, 25 Julai

Nimemuuliza Enos. Siku ile ya kwanza, kwa nini ulisema ni wewe?

"Kwa sababu wewe ungeanza kumweleza," akasema. "Ungemchorea picha. Ungeleta na ndoo."

Na jana?

Akawa anatafuta kitu mfukoni, hakukipata. "Jana alikuwa amekwisha kuona samaki," akasema. "Nyar Uyoma, mtu asichukue kazi ya mtoto wa mwenzake."

Nimemfulia ile fulana.

Jumamosi, 27 Julai

Pete za mianzi nimezitundika ukutani bandani, juu sana, na Ramula ameambiwa akiulizwa aseme ni za ngoma. Tutazishusha tukitaka kupima, siku ambayo hakuna mgeni.

Leo tumeanza mfuko wa pili. Mzee Enos ameshika upande mmoja wa wavu, mimi mwingine, tumeutandaza kwenye sakafu yote ya banda. Mvua imerudi juu ya mabati. Akanipa mkasi yeye mwenyewe, mpini mbele.

"Kata," akasema. "Lakini ukate vizuri."